Muadhini Aliyenuka Uraka

Kijijini kwetu Nakalola, mbele ya Msimbati unapoelekea mdomo wa Ruvuma, watu waliambiwa wahame wakae pamoja ili maji ya bomba, zahanati na trekta viwakute mahali pamoja. Watu wakahama. Nyumba zikapangwa kwa mistari, kila moja ikaandikwa namba kwa chokaa, na sisi tukaingia ndani ya namba zetu tukasubiri. Bomba na zahanati vinakuja hadi leo. Trekta lilifika kweli. Lilifika pamoja na hotuba, likalima shamba la kijiji msimu mmoja, kisha likasimama kando ya ghala na halikutikisika tena. Hapo ndipo mjomba wangu, Mfaume Nangumbi, alipoanza kuliona lina manufaa.

Mjomba alikuwa mvuvi wa madema. Dema, kwa msomaji wa bara, ni mtego wa kusuka kwa mianzi, mdomo wake mpana kwa nje na mwembamba kwa ndani. Samaki anaingia kwa hiari yake, tena kwa furaha, halafu njia ya kutokea haioni. Mjomba alipenda kulifananisha na nyumba zetu za namba, na waliomsikia walijifanya hawakusikia.

Hiyo ilikuwa miaka ya mwanzoni mwa themanini, na duka letu la kijiji lilikuwa na mizani nzuri sana na hakuna cha kupima. Nyuzi za nailoni hakuna, ndoana hakuna, sabuni tuliiona kwa mgao kama watu wanavyouona mwezi wa Idi: baadhi wanaapa wameuona, wengine hawakuuona. Mjomba hakulalamika. Alichambua tairi bovu la lori akapata uzi ambao papa mdogo hakuukata. Alipinda spoku za baiskeli zikawa ndoana. Kandambili zilizokwisha soli alizikata duara, akazitoboa, zikawa maboya, na mtu aliyetembea ufukweni aliweza kuona kandambili yake ya mwaka juzi ikielea na kufanya kazi kuliko alipoivaa. Nati za trekta zilizamisha madema. Kwa hesabu ya mjomba, mashine ile ilichangia kitoweo cha kijiji kuliko ilivyochangia mahindi, na kamati ya kilimo haikumbishia kwa sababu nayo ilikula samaki.

Lakini ustadi wake wa kweli ulikuwa chambo, na chambo kile ndicho kilichomletea balaa.

Pembezoni mwa kijiji, karibu na mkono wa bahari unaoingia kwenye mikoko, aliishi Yustina, mjane wa kuli wa bandarini, mwenyeji wa huko juu Newala. Watu walimwita Mama Gaudensi. Msimu wa korosho alikamua mabibo, matunda ya mkorosho, na kutengeneza uraka, pombe yake, na machicha yaliyobaki aliyamwaga kwenye mkono ule wa bahari, maji yakaondoka nayo. Siku moja mjomba akipita na madema yake aliona maji yanachemka bila moto. Samaki aina ya tasi walikuwa wanasukumana juu ya machicha yale kama wateja mbele ya duka la kijiji siku ya sukari. Alisimama akatazama mpaka maji yakapwa. Kisha akaenda kumwomba Yustina machicha, na Yustina akampa bure, akishangaa mzee mzima anaomba takataka kwa adabu namna ile.

Mjomba aliyakanda na matope meusi ya mikoko na kaa waliopondwa, akafinyanga madonge, akayafunga kwa kilifu cha mnazi na kuyatia ndani ya madema. Harufu ilikwenda na mkondo, samaki wakaifuata. Wenzake walirudi na samaki wa mchuzi. Yeye alirudi na samaki wa kugawa.

Tatizo ni kwamba Mfaume Nangumbi ndiye aliyekuwa muadhini wa msikiti wetu.

Na alikuwa na sauti. Msikiti haukuwa na kipaza sauti, lakini alipoadhini, watu wa mashambani waliweka majembe chini. Mtu huyu hakuwa mjumbe wa kamati yoyote, hata ubalozi wa nyumba kumi hawakuwahi kumpa, na kila alichomiliki alikiokota mahali. Adhana, aliyofundishwa na baba yake, ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakukitengeneza kwa vitu vilivyotupwa.

Sasa muadhini huyo akaanza kunuka uraka.

Alijitahidi, maskini. Alikoga baharini, akakoga tena kwa maji ya kisima, nguo ya kazi akaiacha nje na kanzu akaitundika mbali nayo. Lakini machicha ya mabibo yakishaingia kwenye kucha na kwenye nyufa za viganja hayatoki kwa maji matupu. Mke wake, Bi Somoe, alimsugua kwa majivu, kisha kwa mchanga, kisha kwa majani ya mpapai. Mwisho alinuka uraka ulionywewa chini ya mpapai.

Maneno yalianza kisimani. Mzee Mfaume ameonekana akitoka uani kwa Mama Gaudensi, na kikapu kilichofunikwa. Ameonekana tena. Wanawake walimpa Bi Somoe pole, na pole ile ilikuwa tamu kwao kiasi kwamba waliirudia kila siku. Yeye alijua kilichomo kikapuni, lakini aliapishwa asiseme. Mumewe alikuwa amemwambia kwamba siri ikitoka, wavuvi wote wa Nakalola watajaa uani kwa Yustina siku hiyohiyo, na madema yake yatakuwa madema kama ya wenzake. Isipotoka, msikiti utamwondoa yeye kwenye adhana, na Maulidi yako karibu, wageni wanatoka Msimbati na Madimba, na mwingine ndiye atakayewaadhinia. Mjomba alitaka vyote viwili, na kwa muda alidhani vinawezekana.

Mwishowe, Ijumaa moja baada ya sala, Shehe Abdallah aliwaomba wazee wabaki barazani. Shehe alikuwa mtu mpole, hakupenda kesi. Aliyeipenda ni Rashidi, fundi cherehani. Kwa kuwa vitambaa navyo vilikuwa vya mgao, Rashidi alikuwa na cherehani, mkasi, na nafasi tele ya kufuatilia habari za watu. Tena kwa miaka mingi aliamini kwamba sauti yake mwenyewe imeonewa.

Rashidi alitoa ushahidi kwa kirefu. Alieleza alivyosimama nyuma ya Mzee Mfaume kwenye safu, na kilichomfikia puani. Haikuwa harufu ya kubahatisha, alisema. Ilikuwa ya uraka wa siku ya tatu, ule unaoanza kukata ulimi.

Shehe alimtazama. "Huo wa siku ya tatu, Rashidi, wewe umeujuaje?"

"Nimesimuliwa, shehe."

Wazee wakakohoa. Baadhi yao walikohoa wakiangalia chini, maana nao walikuwa wamesimuliwa mara kadhaa, hasa nyakati za jioni. Shehe hakuendelea na hilo. Alimgeukia mjomba.

"Mfaume, mimi sikuiti mlevi. Nakuuliza kitu kimoja tu. Kwa Mama Gaudensi unafuata nini?"

"Riziki yangu, shehe."

"Riziki gani?"

"Ya halali."

Wakamsubiri. Aliwaangalia wale wazee, karibu nusu yao wenye madema, akaona machoni mwao jinsi wangefurahi kumkamua siri yake, asiongeze neno. Shehe Abdallah akasema kwa huzuni kwamba basi, mpaka atakapokuwa tayari kueleza, bora apumzike. Adhana ya Alasiri ataitoa Rashidi.

Mjomba hakubisha. Alikwenda ufukweni kufunga madema, akajiambia, kama alivyokuja kumsimulia mkewe, kwamba adhana ni ya Mungu, haina mwenyewe, atakayeita ameita. Alikuwa amekwisha kulikubali jambo hilo kabisa mpaka Rashidi alipofungua mdomo.

Rashidi aliianzia juu mno, kama mtu aliyepanda mnazi bila kufikiria kushuka. Sauti ikamkatikia katikati. Akaiokota, akaivuta pale pa kupita haraka, na pale pa kuvuta akapiga mbio kama anayekimbia mvua. Watoto waliokuwa wanacheza walisimama kusikiliza kama kuna mtu ameumia. Kule mashambani hakuna aliyeweka jembe chini, kwa kuwa hakuna aliyetambua kwamba ameitwa. Waliomwona mjomba ufukweni wanasema alikuwa ameshika uzi mkononi, midomo yake inakwenda, anamsahihisha Rashidi neno kwa neno, na adhana ilipoisha, fundo alilokuwa akilifunga lilikuwa limefungwa kwenye kidole chake.

Kesho yake, watu walipotoka kwenye sala ya Adhuhuri, walimkuta Mzee Mfaume amesimama chini ya baraza, nje, na kikapu chake. Akaondoa kifuniko. Harufu iliwafikia wote, na Rashidi peke yake ndiye ambaye hakuonyesha kushangaa.

"Hiki ndicho ninachokifuata," mjomba akasema. "Machicha ya mabibo. Wanaokunywa ni tasi. Mimi sijaonja."

Shehe aliinama juu ya kikapu, akainuka upesi kuliko alivyoinama. Akauliza juu ya twahara, juu ya mwili na nguo. Mjomba akaeleza maji ya bahari, maji ya kisima, majivu, mpapai na kanzu inayotundikwa peke yake. Shehe akaridhika. Akamwomba radhi mbele ya watu na kumrudishia adhana. Lakini mjomba alisema baadaye kwamba radhi ile hakuisikia vizuri, kwa sababu wazee walikuwa wamekwisha kuanza kumuuliza kama donge linakandwa kubwa au dogo.

Jua halijazama, uani kwa Yustina palikuwa na vikapu kuliko gulioni. Walikuja wenye madema. Walikuja pia wasio na madema, na wengine ambao bahari waliijua kwa kuisikia. Rashidi alikuja na kikapu kipya kabisa. Dema lake hajalisuka hadi leo. Mwanamume aliyeulizwa na mkewe ametoka wapi alijibu kwa sauti ya mchapakazi kwamba amefuata chambo, na harufu ambayo zamani ingemvunjia nyumba ikawa sasa ushahidi wa bidii. Mwenyekiti wa kijiji hakutaka jambo hili lichukuliwe kibinafsi. Akatangaza mradi wa chambo wa kijiji, ikaundwa kamati, kamati ikaenda kwa Yustina kuchunguza upatikanaji wa malighafi. Ilichelewa sana kurudi, na taarifa yake ilikuwa ndefu, ya kuimbwa.

Yustina hakuwa mjinga. Kitu ulichokuwa unakimwaga kinapogombaniwa, hukimwagi tena. Akaweka utaratibu: machicha ni ya wateja. Anayekunywa uraka anapewa machicha yake, asiyekunywa hana machicha.

Mjomba alipokwenda na kikapu chake, Yustina alitoka nje kumpokea, na inasemekana alikuwa na aibu ya kweli.

"Baba, wewe ndiye uliyenifungulia mlango huu. Lakini nikikupa wewe bure, wale nitawaambia nini?"

Mjomba akauliza kama anaweza kulipia machicha matupu. Yustina akasema machicha matupu hayana bei, bei iko kwenye uraka. Anunue tu, akitaka aumwage. Mjomba alilifikiria hilo palepale, kikapu mkononi, akiwasikia ndani wazee wa msikiti wanajadili uvuvi kwa sauti kubwa. Kisha akamwambia Mama Gaudensi kwamba yeye amekwisha kusema mbele ya watu kuwa hajaonja, na akinunua leo watasema siku ile alisema uongo. Akaaga, akaondoka. Hivyo ndivyo mtu pekee aliyeleta habari ya chambo Nakalola, na pekee aliyekuwa hanywi, alivyobaki pekee asiye na chambo.

Madema yake yalirudi kuwa ya kubahatisha. Siku moja samaki watatu, siku nyingine bunju mmoja, samaki wa sumu, aliyevimba kwa hasira na haliwi.

Maulidi yakafika. Wageni walikuja kutoka Msimbati na Madimba, kanzu zao nyeupe, na shehe mmoja mgeni alipoingia msikitini alisimama kidogo, akavuta pumzi, akavuta tena, akamtazama Shehe Abdallah.

"Wavuvi," Shehe Abdallah akasema. "Ni chambo."

Mgeni akaitikia taratibu, kama mtu anayeamua kuamini kwa heshima ya mwenyeji.

Halafu mjomba akaadhini. Sitajaribu kuieleza, mimi siyo mtu wa kusifu na sitaki kuanza uzeeni. Nitasema tu kwamba wale wa kamati ya chambo, waliokuwa wamesimama nyuma karibu na mlango kwa sababu zao, walitoka wakatawadha upya. Rashidi alikuwa miongoni mwao, na alitumia maji mengi kuliko wote.

Pilau ya Maulidi ililiwa ikaisha. Kesho yake mchana, Bi Somoe alitenga ugali wa muhogo na kisamvu kisicho na nazi wala kitoweo, akakaa kumtazama mumewe.

"Leo hakuna samaki," alisema.

"Najua."

"Kwa fundi Rashidi jana wamekaanga. Kuna mtu kamgawia."

Mjomba alinawa mikono, akamega tonge, akalizungusha muda mrefu vidoleni bila kulichovya.

"Rashidi adhana anaivuta pasipo pa kuvuta," akasema, kama vile kuna mtu aliyemuuliza.

Bi Somoe akamsogezea bakuli la kisamvu.

"Kula, baba Mwanahawa, kinapoa."