Haradali ya Zahara

Nakumbuka asubuhi moja kule Dzamandzar, dada yangu Zahara akiichapa haradali yake kwa ufagio wa chelewa. Usicheke, mwanangu. Jani lililochapwa huwa kali zaidi, na wateja wetu walitaka mboga ya kuwasha pua. Mjomba aliyetulea alikuwa akienda kazini kwenye kiwanda cha sukari, akasimama.

"Zahara, kila siku unaichokoza. Itakuwa kali, lakini haitakua."

Na kweli, haradali ya jirani ilifika magotini, yetu ilibaki kwenye vifundo vya miguu.

Kisiwani huko Nosy Be tulikuwa wageni. Kwetu ni Mahajanga, ng'ambo ya bahari. Zilipozuka vurugu dhidi ya Wangazija kama sisi, baba aliuawa, nasi watoto tukakimbilia kwa akina Soa, shoga yake Zahara. Hawakutufungulia. Zahara alimwona Soa dirishani. Husemwa yaliyopita si ndwele, lakini dada yangu hakutaka kusikia hilo. Kila tukiketi kula aliusimulia ule mlango upya, hata wali ukapoa sahanini.

Miaka ikapita, Soa akaja kutoka Mahajanga, mtoto mgongoni. Alisimama uani akasema kwa Kimalagasi, "Azafady," yaani niwie radhi. Akaanza kueleza kwamba babake ndiye aliyeshika ufunguo. Zahara hakuinua uso, alikata majani tu. Soa akangoja mpaka mtoto akaanza kulia, kisha akaondoka. Niliona aibu.

Akaja mchumba, Zahara akamkataa, angemwamini nani? Kiwanda kikafungwa, mjomba akafa, Zahara akabaki na matuta yake. Alipougua ndipo aliponiambia, "Nipeleke kwa Soa." Tulipofika Mahajanga tukaambiwa Soa amezikwa Belobaka, nje ya mji. Lo, mwanangu! Nilimpeleka kaburini, akalia. Hakumaliza mwaka.

Wewe uliyesomea mimea ndiye uliyenifungua macho. Ulisema mdudu akitafuna haradali, ukali hutoka kumfukuza, lakini ukali huohuo hurudi ndani ya mmea wenyewe, ukaziamsha jeni za kujilinda na kuzilaza za kukua. Uliniambia huku unakunywa chai, nami nikamwona Zahara. Mmea hauna kosa, umeumwa kweli. Zahara naye aliumizwa kweli. Ila mdudu alikwisha kwenda zake, na ufagio alikuwa ameushika mwenyewe.

Jana simu ya kaka yako ililia, ukaigeuza kifudifudi. Sikulaumu, alikukosea, najua. Jilinde, mwanangu, ila usijichape. Hasira ni hasara, na hasara yake haimfikii aliyekuudhi. Akipiga tena, ipokee, hata kama ni kumgombeza. Aliye hai utamgombeza akasikia. Kaburi la Belobaka halikumjibu dada yangu neno.

Mungu akulainishie moyo, akujaalie ukue mpaka upite urefu wetu sote. Amina.