Nilivyomvisha Masanja Katambuga

Siku yangu ya kwanza kazini niliamini kwa moyo wote kwamba nyoka hamng'ati mtu aliyevaa katambuga za tairi la lori. Fundi viatu wa Kagongwa aliyeniuzia alinieleza kuwa nyoka wamewaona ndugu zao wakikanyagwa barabarani, hivyo wakinusa tairi wanatoroka. Nami, niliyehitimu masomo ya jioni kwa alama za kutikisa Shinyanga nzima, nikameza.

Kazi ilikuwa kuchukua sampuli za udongo porini Geita, kwa kampuni ya utafiti wa dhahabu. Unafuata mstari, yaani njia iliyonyooka kwenye ramani, na kila baada ya hatua hamsini unachimba, unajaza mfuko, unaandika namba. Mstari haukwepi kichaka, nawe hukwepi.

Msimamizi wa kambi aliitazama miguu yangu. "Hivyo ndivyo viatu vya kazi?"

"Ndiyo, bosi. Tairi la lori, tena la mbele."

"Buti ziko stoo. Zijaribu jioni, miguu ikiwa imevimba. Zibakize nafasi ya kidole mbele na zipite kifundo. Halafu zivae humu kambini wiki nzima kabla ya kwenda nazo mbali."

Nilizichukua, nikazisukumia uvunguni. Zilikuwa nzito kama ng'ombe wawili, na joto lake lingeivisha viazi.

Hofu nilikuwa nayo, nisiwadanganye. Majani yalifika kifuani, huoni unapokanyaga, na kila unyasi ulionigusa ulinikausha mate. Nikawa naburuza nyayo makusudi ili harufu ya tairi itangulie. Miaka ikapita sijaumwa. Nikaona huo ndio ushahidi. Nilipopandishwa kuwa kiongozi wa timu, nikaanza kuhubiri.

Masanja, kijana mpya kwenye timu yangu, alitokea Samuye. Buti zake mpya, ambazo hakuzizoesha, zilimchubua visigino hadi damu.

"Kaka, leo sifiki."

"Vaa katambuga zangu za akiba."

"Na nyoka?"

"Akinusa hilo lori anahamia Burundi."

Akacheka, akavaa.

Saa nne asubuhi alikuwa hatua chache mbele yangu. Nikasikia sauti kama gurudumu linalotoa upepo. Kifutu, yule nyoka mnene asiyepisha njia, alikuwa amejikunja kwenye majani makavu. Masanja hakurudi nyuma. Aliunyoosha mguu, taratibu, ili nyoka anuse.

Tulimbeba kwa machela ya matawi na mashati hadi barabarani, pikipiki ikamkimbiza kituo cha afya. Mguu ulivimba mpaka ngozi ikang'aa. "Kaka, mwambie mama Kulwa," akaninong'oneza, akimtaja mkewe, na hakumalizia. Siku tatu nilikaa kwenye benchi nje ya wodi, na kila mlango ulipofunguliwa nilisimama. Alipona, ila vidole viwili vya mguu vilikatwa.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaokwenda kupanda milima huniuliza kuhusu viatu. Nawaambia waende dukani jioni na soksi zao nene, wageuze soli waone kama ina meno ya kushika utelezi, washuke ngazi navyo. Kidole kikigonga mbele, waviache. Mimi mwenyewe nikiona majani marefu, nazunguka.

Mganga wa zamu wa kituo kile cha afya ndiye aliyenisahihisha, siku ile ya tatu, nilipomuuliza kama labda tairi lile lilikuwa la gari dogo. Alivua glavu kwanza.

"Mzee, nyoka haogopi tairi. Miaka yote hiyo hukukutana naye tu. Meno yameingia hapa, juu ya kifundo, na hapa katambuga haifuniki kitu."