Msalaba wa Mninga

Msalaba ulikuwa wa mninga, mzito kama mtoto wa mwaka, na mimi ndiye niliyeubeba mgongoni kutoka Majimoto hadi Unguja. Mama aliufunga kwa kitenge, ncha zote, asije mtu akatuuliza maswali. Seremala wa kwetu alikuwa amechoma jina la ubatizo la mdogo wangu kwa chuma cha moto. Mama alikuja kuusimamisha juu ya kaburi la kitinda mimba wake na kuchota udongo, maana kwetu mtu akizikwa ugenini, udongo wa kaburi lake huletwa nyumbani.

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kukarabati nyumba kongwe za Mji Mkongwe. Alianguka kutoka juu ya jukwaa la ujenzi, akazikwa siku hiyohiyo, na sisi tukapata habari kwa simu tukiwa shambani tunavuna mpunga. Ambacho mama hakukijua ni kwamba mwanawe alikuwa amezikwa na Waislamu wenzake. Miaka miwili kabla alinipigia simu. "Dada, nimesilimu. Mama usimwambie, nitamwambia mwenyewe nikija." Hakuja. Nami, mwenye mdomo wa kuwakimbiza wanunuzi wa mpunga, nikaufyata. Hata siku mama alipokwenda kwa seremala nilimsindikiza, nikamtajia seremala herufi za jina, moja baada ya nyingine.

Bandarini tulipokelewa na fundi aliyefanya kazi na mdogo wangu, kijana mpole wa hukohuko Unguja. Alipoona umbo la mzigo wangu akaelewa. Nilimvuta pembeni.

"Mama hajui," nikamwambia.

"Hajui nini, dada?"

"Hajui lolote. Mtembeze kwanza, muoneshe mji. Nitamwambia njiani."

Akarudi kwa mama, akasema kwa sauti ya uchangamfu, "Haya mama, mji huu una mengi, twende taratibu."

Basi tukawa watalii. Alituonesha ngome, akatuonesha vibaraza walipokaa wazee wakinywa kahawa, akatuonesha milango yenye misumari ya shaba. Alisema misumari ile asili yake ni Bara Hindi, ya kuzuia tembo wasivunje mlango.

"Kwetu tembo wanamaliza mahindi shambani," mama akasema. "Mlango hawana habari nao."

Kijana akacheka, nami nikacheka kuliko yeye. Nilijichukia kwa kicheko kile. Kila kona nilijiambia kona inayofuata nitasema, na kila kona kulikuwa na mzungu anapiga picha, au baiskeli inapita, au mama anapumzika. Visingizio havikunipungukia.

Kwenye uchochoro mmoja kijana alisimama bila kupangiwa. Akaweka kiganja kwenye ukuta mweupe. "Hapa lipu yote ni mkono wake," akasema. Mama akaupapasa ukuta ule polepole, akafika mpaka chini, akainuka na vumbi la chokaa vidoleni. Hakulifuta. Akauliza kama kaburi liko mbali.

"Ngoja kwanza," nikasema haraka. "Bado kanisa."

Kanisa lile limejengwa palipokuwa soko la watumwa. Jirani yake kuna vyumba vya chini walimofungiwa watu, dari zake fupi hata mama ilibidi ainame. Kijana alieleza kwamba wengi waliletwa kwa miguu kutoka bara, hata kutoka ng'ambo ya ziwa letu la Tanganyika. Mama alikaa juu ya ukingo wa jiwe.

"Na mama zao?" akauliza. "Kuna aliyewapelekea habari?"

"Hakuna, mama."

"Basi mimi nina afadhali," akasema. "Mimi nimeambiwa."

Hapo ndipo pa kusema. Tulikuwa watatu tu, hakukuwa na mzungu wala baiskeli. Kijana aliinamisha kichwa akinisubiri. Nilihamisha mzigo kutoka bega hili kwenda lile, nikasema humu ndani hakuna hewa, tutoke.

Adhana ya adhuhuri ilitukuta makaburini. Mama alitembea katikati ya vilima vidogo vya mchanga akitafuta msalaba wowote, hakuuona. Kijana alisimama kwenye kaburi lenye kibao kidogo, akasoma jina nisilowahi kulitamka. Mama alimwambia amekosea kaburi.

"Sijakosea, mama. Ndilo jina lake alilozikwa nalo. Tulimswalia sisi wenyewe." Kisha, kwa upole, "Msalaba hauwekwi hapa, mama yangu."

Mama hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu. "Nani mwingine alijua?"

Macho ya kijana yaliniangukia mimi, na ya mama yakayafuata.

Mama alipiga magoti, akachota mchanga mweupe, akaufunga kwenye pembe ya leso. Akaja kwangu, akafungua fundo la kitenge kifuani pangu, akautwaa msalaba. Ni mwanamke mzee na magoti yanamsumbua. Aliubeba mwenyewe hadi bandarini, akaubeba ndani ya treni hadi Mpanda, na pale tulipopanda pikipiki kwenda Majimoto aliupakata.

Sasa upo nyuma ya nyumba, umesimama juu ya mchanga ule. Tunalima naye, tunakula naye, salamu yangu anaiitikia. Ila akitoka kisimani na ndoo kichwani nikikimbia kumpokea, husema, "Acha, nitafika," akanipita.