Mama Mgongo achagua begi lake mwenyewe

Saa tatu asubuhi, Mama Mgongo amemgeuza mteja wake akamwelekeza uso ukutani.

"Inamisha kichwa," anamwambia. Mteja, mwalimu wa hesabu, anatii kama mwanafunzi. Mama Mgongo anapapasa mfupa uliochomoza chini ya shingo, anashusha futi yake ya kushonea mpaka usawa wa nyonga.

"Sentimita arobaini na nane. Una miguu mirefu, mgongo wa kawaida. Lile begi ulilolikumbatia si lako, mwalimu."

Dakika mbili baadaye mwalimu ana begi jingine la kupandia mlima, la lita sabini, lililojazwa mifuko ya mchanga ya kilo kumi na tano. Anaambiwa apande na kushuka ngazi za jengo mara nne. Hakuna anayenunua begi hapa bila kupanda ngazi, hata awe nani.

"Wa safari ya siku moja nitamuuzia begi lolote," anasema Mama Mgongo. "Lakini wa wiki nzima anabeba hema, chakula, nguo za baridi. Mzigo ukining'inia mabegani, siku ya pili analia. Lazima ukae kiunoni. Mabega ni ya kushikilia tu."

Duka lake ni chumba kimoja chini ya ngazi hizo hizo. Mabegi yaliyotumika yananing'inia darini, cherehani iko mlangoni kwenye mwanga. Ana miaka hamsini na mitatu, na kumi na saba kati ya hiyo ameimaliza humu. Zamani alishona mabegi ya shule, mpaka muongoza wapanda milima mmoja alipomletea begi lililochanika. Alilifumua lote, kipande kwa kipande, aone limeungwaje. Tangu siku hiyo wapanda milima hawakumwachia nafasi ya kushona kingine.

Yeye mwenyewe amelala ndani ya hema mara ngapi?

"Sifuri," anajibu, anacheka. Halafu hacheki tena.

Njia ya siku saba ya kupanda mlima anaijua kwa masimulizi ya wateja: panapoteleza, panapopiga baridi, mahali ambapo mawingu yanabaki chini ya miguu. Lakini nyumbani yuko mama yake, mwenye miaka themanini na mmoja, aliyepigwa na kiharusi miaka kumi na moja iliyopita. Hulishwa, huogeshwa, hugeuzwa kitandani kila baada ya saa chache. Jirani husaidia mchana. Kazi iliyobaki ni ya binti.

Miaka sita iliyopita alikaribia kabisa kwenda. Alikuwa amelipia na kufunga mzigo. Asubuhi ya safari mama akapandwa na homa kali, wakaishia hospitali. Wiki iliyofuata alimuuzia begi lake dada mmoja, naye akarudi baadaye na picha.

"Nikamwambia hongera. Alipotoka nikafunga mlango, nikalia. Nilimchukia yule dada wa watu siku mbili nzima, na hakunikosea lolote."

Mwaka huu mdogo wake wa kiume, dereva wa malori, alichukua likizo yake akaja nayo mlangoni kwa mama. "Dada, nenda mlimani, wiki hiyo mama niachie mimi," alimwambia. Dada mtu alidhani ni utani. Sasa ni Jumapili ya nne dereva anajifunza kumgeuza mama na kumlisha kwa kijiko kidogo.

"Mwanzoni nilimshika kama yai," anasema. "Mama akaniambia, wewe, nishike vizuri, mimi sivunjiki."

Kilichobaki kikawa begi, na hapo ndipo fundi alipokwama. Wiki tatu alijaribu mabegi kumi na moja. Hili zipu nzito, lile mkanda wa kiunoni mwembamba, jingine lita nyingi mno kwa mgongo wake mfupi.

"Angekuwa mteja wake, angeshamfukuza," anasema fundi viatu wa chumba cha pili.

Mama Mgongo habishi. "Nilikuwa natafuta sababu ya kubaki. Sababu nimezizoea."

Mama mzazi ndiye aliyemaliza ubishi. Aliagiza mabegi matatu yaletwe nyumbani, yakiwa na mchanga wake. Binti akayavaa moja moja, akitembea kutoka kitandani mpaka dirishani na kurudi. Mama akatazama, kisha akanyoosha kidole kwenye la kijivu, lita sitini, lenye kiraka pembeni.

"Hilo."

"Kwa nini hilo, mama?"

Maneno humtoka polepole siku hizi. "Yale mawili ulishika kiuno. Hilo hukushika."

Begi la kijivu halikurudi dukani. Safari ni wiki ya pili ya mwezi ujao, mvua zikishakatika, na muongozaji ameshaandika jina lake. Duka litafungwa siku nane.

Anachokitamani huko si kilele. "Nataka niamke asubuhi moja nisisikie mtu ananiita," anasema, akikata uzi kwa meno. Anatunga mwingine kwenye sindano.

"Najua ikifika saa nne ya siku ya kwanza nitakuwa nimeshamkumbuka mama. Nataka hivyo. Miaka kumi na moja, sijapata hata siku moja ya kumkumbuka."