Kapu Moja, Wakwe Wawili

Majirani walimwita Mama Pasi. Kazi yake ilikuwa kwa dobi, chumba cha nyuma, ambako mvuke hupanda tangu asubuhi hata mtu asijue kama yu macho au amesinzia kwa kusimama. Mashati yalipita mikononi mwake kama watu asiowajua, wamempa mgongo. Alizipenda saa hizo. Mawazo yalimchukua yakamrudisha, na shati halikuungua.

Mumewe, dereva wa malori ya masafa, kabla ya safari yake ndefu alikuwa amemuunganisha na mama mkwe wake kwenye duka la mtandaoni. Simu mbili, kapu moja. "Kila mtu atie anachohitaji," alisema, "mkikubaliana ndipo mnunue." Alijua mama yake na mkewe wanaheshimiana mno, na heshima ikizidi watu hukosa la kuzungumza.

Basi kapu likawa ndilo linalozungumza. Mama Pasi alitia sabuni. Jioni akakuta mkwewe ameibadilisha, kaweka yenye harufu ya ndimu. Mkwewe akatia pazia la kijani. Mkazamwana akalitazama wakati wa chai kazini, akaiona sebule yao imegeuka kivuli cha majani, yeye amelala humo. Akaliacha. Mezani hawakulitaja.

Kisha ikaingia nguo ya kuogelea. Ya zambarau, saizi kubwa.

Mama Pasi alidhani kidole kimeteleza, maana macho ya bibi yule hayakuwa tena ya jana. Akaitoa. Kesho yake imo. Akaitoa tena; ikarudi, safari hii na kofia yake ya mpira. Hapo akajua si bure.

Jioni walikaa jikoni wakichambua mchele. Neno alilimeza mara mbili, mwishowe likatoka.

"Mama, samahani. Ile nguo kapuni..."

"Kumbe unaitoa wewe?"

"Nilidhani umekosea."

"Nami nilidhani simu ndiyo inakataa. Nikasema makubwa haya, hata simu inanionea haya?"

Mama Pasi akajizuia, akashindwa. Walicheka wote wawili mpaka mchele ukamwagika.

Ndipo mkwewe akamsimulia, polepole, mkono ukizunguka kwenye sinia. Baba yake alifanya kazi kiwandani, na kiwanda kilikuwa na bwawa. Wasichana waliruhusiwa siku moja kwa juma. Huko alijifunza kulala juu ya maji, masikio ndani, dunia ikanyamaza kimya. Akaolewa, akazaa, akalea. Maji yakabaki ya ndoo.

"Siku hizi naota naelea," alisema. "Nikiamka, magoti yananikumbusha umri. Nataka nilale mle mara moja nikiwa macho."

"Mimi sijui kuogelea, Mama."

"Nani kakwambia kuogelea? Kulala tu."

Mama Pasi akaishika simu, akabonyeza alama ya kujumlisha. Nguo zikawa mbili. Dereva hawakumuuliza.

Asubuhi ya siku ya mapumziko waliingia bwawa la manispaa. Maji yalikuwa vuguvugu, na mwanga ulitembea darini kama kitu kisicho na haraka. Mama mkwe alishuka ngazi akishika chuma, akajilaza kama mtu aliyerudi kitandani kwake. Mama Pasi aling'ang'ania ukingo, maji kifuani.

"Achia, mwanangu. Nimekushika."

Kweli, mkono wa bibi ulikuwa chini ya mgongo wake. Akaachia. Miguu ikapanda yenyewe, sauti zote zikazama, dari ikayumba taratibu. Mkono ule uliondoka lini, hakujua. Alipogeuza macho, mkwewe alikuwa mbali kidogo, amefumba macho, midomo ikicheza kama anayeongea na mtu.

Walikaa hivyo mpaka vidole vikakunjamana. Mlinzi wa bwawa akaja akachuchumaa ukingoni, akawauliza kwa adabu kama wamelala.

"Ndiyo," akajibu mama mkwe, bila kufumbua macho.