Matundu ya Kulwa

Nilipokuwa mtoto niliamini nina nyumba mbili: ile ya udongo tuliyolala, na ile ya pacha wangu Kulwa, chini kwenye ukingo wa ziwa, alikofukiwa ndani ya chungu akiwa bado mchanga kabisa. Mimi ndiye Doto, niliyebaki. Hakuna aliyenieleza habari hiyo kwa majonzi. Bibi, mama yake Baba, alinishika tu mkono akanionyesha rundo la kokoto kati ya matete, akasema, "Msalimie mwenzio."

Kwetu pacha hazikwi pakavu. Huwekwa penye unyevu, na Bibi alisema kaburi lake likikauka, mvua hukimbia na yule aliyebaki huanza kuungua mwili. Kwa hiyo kila kiangazi alishuka na kata ya maji kumwagia Kulwa, nami nikimfuata nyuma, nikiona ni jambo la kawaida kama kumwagilia mchicha.

Kisha ikaja ile miaka ya sitini, ziwa lilipopanda. Upande wetu wa Geita lilikula mihogo, likala njia ya kuteka maji, likaanza kuumega ukingo wenyewe. Kila baada ya upepo mkali Mama alikimbia kutazama kama kokoto bado zipo. Akirudi alikaa kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Nilikuwa mdogo, lakini nilijua anaogopa nini. Hakuwa na picha ya Kulwa wala nguo yake. Alikuwa na lile rundo tu.

Baba alijaribu kwanza magogo. Mawimbi yakayang'oa. Akajaza mchanga kwenye magunia ya pamba, yakaoza, yakamwagika. Wajomba wakamshauri apange mawe matupu, Baba akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mwashi mgodini hadi mgodi ulipofungwa, na kwake jiwe bila saruji lilikuwa ugali bila mboga. Akatafuta saruji, akasomba mawe kwa mkokoteni wa ng'ombe, akainua ukuta mnene usiopitisha hata sisimizi. Siku ulipokamilika Mama alicheka kwa sauti, na sikuwa nimemsikia akicheka hivyo kwa muda mrefu.

Bibi peke yake ndiye aliyenuna.

"Umemfungia mlango mtoto," alimwambia Baba. "Atakunywa wapi?"

"Mayu, nimemzuia asichukuliwe na ziwa."

"Nimeona, ng'wanone. Lakini atakunywa wapi?"

Baba alimheshimu sana mama yake, kwa hiyo akaenda zake kuosha vyombo vyake vya kazi. Lakini kiangazi kile matete yaliyobaki nyuma ya ukuta yaligeuka manjano, udongo ukapasuka, na maji ya kata ya Bibi yakawa yanamezwa na ardhi kabla hata hajainua mkono. Kisha nikashikwa na homa. Mama alinibeba mgongoni hadi zahanati ya misheni, nikadungwa sindano. Homa ikapoa, ikarudi na nguvu zaidi.

Mama ndiye aliyeutaka ule ukuta kuliko mtu yeyote. Nilikuwa nimelala mkekani karibu na mlango asubuhi ile aliposimama mbele ya Baba.

"Baba Doto," alisema, "mmoja nimeshamzika."

Baba alichukua mtaimbo, akashuka. Nilisikia chuma kikigonga jiwe, na Bibi, aliyekuwa ananikanda kwa kitambaa, akaacha kunung'unika. Baba alitoboa chini kabisa ya ukuta wake mwenyewe, akapanga kokoto nyuma ya matundu ili udongo usitoroke. Nilipona. Nimezeeka na bado sijui nishukuru sindano au mtaimbo, na siku hizi sijisumbui kuchagua.

Masika iliyofuata maji ya mlimani yalishuka kwa fujo, yakatokea kwenye yale matundu yakiwa mekundu kwa udongo, na ukuta haukuyumba. Leo najua kuwa maji yakikosa pa kutokea hujaa nyuma ya ukuta na kuusukuma hadi ulale. Bibi hakuwaza hayo. Aliwaza kiu ya mtoto.

Baba, kila alipotaniwa, alikana. "Nilitoboa kwa ajili ya mvua," alisema hadi uzeeni. "Mwashi yeyote angefanya hivyo." Mama alikuwa anatazama pembeni.

Mwaka jana nilishuka tena ukingoni. Ukuta bado umesimama. Kuna matundu aliyoongeza Baba baadaye, yameachana vizuri toka mwanzo hadi mwisho, kazi ya mwashi kweli. Lakini yale ya kwanza, aliyotoboa kiangazi bila wingu hata moja angani, yote yamesongamana mahali pamoja, mbele ya Kulwa, chini kabisa, mtoto aliyelala anapoweza kufikisha mdomo.