Picha Zikilingana Zinapotea

Mama alianza kupotea akiwa amekaa. Alikuwa kizimbani kwake sokoni Majengo, nyuma ya magunia ya uwele na mtama aliyoyauza tangu mimi sijazaliwa. Mteja akaomba karanga, mama akampimia choroko. Mteja akasema, mama, nimesema karanga. Mama akaitikia vizuri, akarudisha choroko guniani, akachota tena choroko. Mteja alidhani anataniwa, akacheka, na mama naye akacheka. Aliyekosa kucheka ni jirani yake wa kizimba cha pili, aliyenipigia simu nikiwa darasani akasema, "Mwalimu, njoo umchukue mama yako, leo hayuko sawa."

Nilimchukua, na hakurudi tena sokoni. Akaja kuishi kwangu, yeye na ungo wake na kiti chake kifupi cha mbao.

Mimi ni mwalimu wa hisabati, na nalisema hilo mapema kwa sababu ndilo lililonisumbua katika mambo yote yaliyofuata. Mtu aliyezoea kusahihisha madaftari huamini kwamba kila kosa lina mahali lilipoanzia, na kwamba mwanafunzi akirudia swali mara za kutosha, jibu litakaa. Daktari hakuniambia hivyo. Alimwuliza mama leo ni siku gani, tuko mkoa gani, amefika pale na nani. Mama akamtazama kwa huruma. "Wewe daktari mzima hujui?" Nilicheka peke yangu mle ndani. Daktari akanieleza taratibu kwamba maradhi haya hayarudi nyuma, kwamba tuzungumze naye, tusimwache mpweke, tumshughulishe. Katika maneno yote hayo nilibeba la mwisho tu, nikaondoka nalo kama mtu aliyepewa dawa.

Shuleni tunaye mwenzetu anayefundisha kompyuta, kijana mchangamfu ambaye kila tatizo la dunia kwake lina programu yake. Nilipomsimulia, alinyoosha mkono nimpe simu. "Mwalimu, mbona michezo ya kuchangamsha akili ipo kibao, na ya bure? Unampa bibi anacheza, ubongo unafanya mazoezi. Wewe weka bando tu." Kengele ya kuingia darasani ilipolia, simu yangu ilikuwa na vialama vipya vya rangirangi, na moyo wangu ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa muda mrefu.

Naomba nieleweke nilikuwa nataka nini. Sikutaka mama arudie kupima karanga. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini nilipita chumbani kwake nikamwamkia, "Shikamoo mama," naye akajibu, "Marahaba mwanangu. Umekula?" Basi. Nilimwambia mke wangu kwamba siku, bei, majina ya wajukuu, hata jina langu, vyote viende vikitaka kwenda. Maadamu mama anajua kwamba huyu aliyesimama mlangoni ni mwanawe, na kwamba huenda hajala, bado tunaye. Hicho kimoja ndicho nilichotaka zile programu zinilindie. Mke wangu alinisikiliza akikuna nazi, akasema, "Sawa," kwa sauti ya mtu anayemwachia mtoto acheze.

Programu ya kwanza niliijaribu mwenyewe. Ilikuwa ya Kiingereza, inatupa hesabu za kujumlisha huku saa inakimbia pembeni. Mimi huyu, mwalimu wa hisabati, vidole vyangu vizito vikawa vinabonyeza sita badala ya tisa, na mwisho ikanitangazia kwamba ubongo wangu una umri mkubwa kuliko wa mama yangu. Nikaifuta kwa hasira. Usiku ule, nikiri tu, nilijilaza nikijiuliza jina la mwalimu wangu wa darasa la tatu, na lilipokataa kuja nikapata hofu ya kweli.

Ya pili ilikuwa ya mapovu ya kupasua. Mama aliipenda, ila ya bure ina bei yake: kila akipasua mapovu kidogo, tangazo linaruka usoni. Safari moja likaja tangazo la mzee mwenye mvi anayesifia dawa ya magoti. Mama akainamisha kichwa. "Shikamoo," akamwambia. Akasubiri. Mzee akaendelea na magoti yake. Mama akanigeukia akiwa amekasirika hasa. "Huyu mtu hana adabu. Nimemwamkia, kanyamaza." Nikamweleza kwamba lile ni tangazo, kwamba mzee yule ni mdogo kwake kwa miaka mingi na hapaswi kuamkiwa naye, kwamba hata hamsikii. "Hata kama," akasema. Kwetu shikamoo haiachwi hewani. Hata mtu mliyegombana naye jana, akikuamkia utaitikia, halafu mtaendelea na ugomvi wenu. Mama alisukuma simu pembeni, na siku ile hakuigusa tena. Tulicheka, mimi na mke wangu, tukampa uji wake.

Ya tatu ndiyo tuliyodumu nayo. Ni kadi zilizofunikwa. Unafunua moja, unafunua nyingine, zikiwa na picha sawa umepata. Picha zenyewe zilikuwa za kwao waliozitengeneza. Palikuwa na yule mtu wa theluji wanayemjenga watoto wa nchi za baridi, mama akamwita mtu wa unga na kutaka kujua nani kaharibu unga wote ule. Palikuwa na tunda jekundu lenye vidoadoa, akaliita pilipili iliyovimba. Baadhi ya picha alizitaja kwa lugha ya kwao, ile ya Wasandawe yenye vidoko, ambayo hakutufundisha kwa sababu baba alikuwa Mgogo na sokoni wote walikuwa wa Kiswahili. Nilisikia ulimi wake ukigonga juu ya simu yangu nikafikiri, kumbe mengi bado yamo mle ndani. Nikapata matumaini.

Ila alishindwa. Alishindwa jioni baada ya jioni, tumekaa uani, upepo wetu wa Dodoma unatumwagia vumbi kwenye kioo cha simu. Anafunua mtu wa unga, anafunua pilipili. Anafunua mtu wa unga, anafunua ndege. Nami nilikuwa nimeketi kando yake kama msimamizi wa mtihani, nikimwambia, "Mama, fikiri. Umeshamwona huyu. Yuko wapi mwenzake?" Sauti yangu ilikuwa inapanda, naijua inavyopanda, wanafunzi wangu wanaiiga wakidhani siwasikii. Mama hakunijibu kwa ukali hata mara moja. Alikuwa ananitazama usoni kwanza, kisha anafunua nyingine, isiyo yenyewe.

Siku moja nikauona mkono wake. Alifunua mtu wa unga, kidole kikaenda moja kwa moja mpaka juu ya kadi ya mwenzake, kikasimama pale, kisha kikahama na kubonyeza ya jirani.

"Mama," nikamwambia, "ulijua yuko pale?"

"Nilijua."

"Sasa mbona umemwacha?"

"Ukiwakutanisha wanapotea," akasema. Na kweli, ndivyo mchezo ulivyo: kadi mbili zikilingana zinang'aa kidogo, halafu zinafutika, mpaka kioo kinabaki kitupu na unapongezwa. "Mimi nimechambua nafaka maisha yangu yote. Kizuri kinabaki kwenye ungo, makapi ndiyo yanakwenda na upepo. Hawa wenye mchezo wao wanatupa kizuri. Nimewaachia."

Sijui kama nimewahi kufurahi vile tangu harusi yangu. Nilikimbilia jikoni nikamwambia mke wangu kwamba mama hajasahau kitu, mama anakataa tu, tena kwa hoja! Kesho yake nikawasimulia ofisini, na yule mwalimu wa kompyuta akapiga meza kwa kicheko. Nikatumia bando la wiki nzima kutafuta mchezo wa kadi ambao picha zikilingana zinabaki. Nikaupata. Ulikuwa na picha za wanyama, punda, mbuzi, kuku, vitu anavyovijua tangu utoto wake kule Chemba. Nikajiona nimelipata lile kosa mahali lilipoanzia.

Nilimpa simu Jumapili baada ya kanisa. "Mama, huu haupotezi kitu. Ukiwakutanisha, wanabaki."

Akafunua mbuzi. Akatabasamu, akamtaja. Akafunua kuku. Akarudi kufunua mbuzi yule yule, akatabasamu tena kama ndiyo kwanza anamwona, akamtaja. Akafunua kuku yule yule. Nilisubiri. Nilijiambia labda hapa pia ana hoja yake. Nikamwuliza, "Mama, mbuzi mwingine yuko wapi?" Akauliza, "Mbuzi gani?" Kisha akaweka kiganja juu ya kioo, akaanza kukipangusa taratibu kwenda pembeni, kwa ule mwendo wa mkono anaoutumia kutafuta vijiwe kwenye maharage. Kadi zikawa zinafunguka na kujifunga zenyewe chini ya kiganja chake. Nilimwacha akapangusa mpaka simu ikazima.

Baada ya hapo tuliendelea na mchezo ule wa zamani, wa mtu wa unga, kwa sababu sikuwa na jingine la kufanya. Sikuwa natarajia kitu tena. Nilimpa simu kama watu wanavyowasha redio ndani ya nyumba yenye mgonjwa. Mchana mke wangu alimpa maharage achambue, na mama akimaliza, mke wangu aliyarudisha kwenye debe yakachanganyika na yale machafu, ili kesho apate ya kuchambua. Asubuhi bado nilipata langu: "Marahaba mwanangu. Umekula?" Kuna siku nilijibu sijala, na hali nimekula, ili nimsikie akinigombeza.

Jumamosi moja nilitoka kusahihisha mitihani ya kidato cha nne, nikaingia getini mchana kweupe, jua limesimama. Mama alikuwa uani kwenye mkeka wake, ungo mapajani. Aliniona. Akauweka ungo chini, akajiinua kidogo kwa heshima, akakunja mikono kifuani.

"Shikamoo, mzee," akaniambia.

Nilisimama na karatasi zangu mkononi. Mama anamwamkia mwanawe? Nilitaka kumwambia hapana, mama, mimi ndiye wa kukuamkia, ni mimi. Lakini alikuwa anasubiri, uso umeinama vile vile alivyomwinamia mzee wa magoti, na nikaona jinsi uso wake ulivyoanza kunywea kwa kutoitikiwa.

"Marahaba," nikasema.

Akafurahi. Akanionyesha kiti chake kifupi nikae, akaniomba radhi kwamba mwenye nyumba hajarudi. Nilikaa. Sikujua la kufanya na mikono yangu, nikatoa simu mfukoni, nikafungua zile kadi, nikampa. Alizitazama, akanirudishia kwa adabu.

"Mwanangu anayo kama hii," akasema. "Ni mwalimu. Kila jioni ananipa nicheze. Mimi mchezo wenyewe siujui, ila nacheza, maana nikiacha ananuna."

"Ni mkali?" nikamwuliza.

"Mkali kidogo. Ana hofu tu." Akachukua ungo wake, akaanza tena kuchambua. "Msubiri, atarudi sasa hivi. Sijui hata kama amekula."

Nikasogeza kile kiti kivulini karibu na mkeka wake, tukakaa tukimsubiri.